Ahadi ya Mwanafunzi Anayefundisha



Wapo miongoni mwetu wazazi ambao watoto wao wamevuka bahari kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Marekani, na baadhi yao wanasomea hisabati kwa shahada ya udaktari. Wazazi hao hupata habari kwa vipande vipande. Leo husikia kwamba mtoto anasoma. Kesho husikia kwamba mtoto huyo huyo anafundisha. Na siku nyingine, ghafula, husikia kwamba anataka kukiacha chuo alichomo na kuhamia kingine. Hapo ndipo mashaka huanza. Je, mtu aliyepokelewa, akasamehewa ada na kupewa posho, aweza kuondoka kabla hajamaliza? Na zile siku anazokwenda kukitazama chuo kipya, darasa lake linafundishwa na nani?

Maswali hayo ni mawili wala si moja, ingawa watu hupenda kuyachanganya. La kwanza ni la kuhama. La pili ni la kutokuwapo. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mtu aweza kuwa hana hatia hata kidogo katika la kwanza, na huku akawa na hatia kubwa katika la pili. Na kwamba wengi huisumbua dhamiri yao kwa lile lisilo kosa, kisha wakalala usingizi mzuri juu ya lile lililo kosa hasa.

Jinsi mambo yalivyo

Yafaa kwanza tueleze utaratibu wenyewe, kwa faida ya wale wasioujua. Huko Marekani shahada ya udaktari katika hisabati huchukua kwa kawaida miaka 5 au 6. Wanafunzi wengi hawalipi ada kwa fedha zao. Idara ya hisabati humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho ya kumwezesha kuishi, naye kwa upande wake huwa mwalimu msaidizi. Kazi hiyo mara nyingi huhesabiwa kuwa ya saa 20 kwa juma: kufundisha vikundi vya wanafunzi wa shahada ya kwanza, kuwasahihishia majaribio na mitihani, na kukaa ofisini kwa saa zilizotangazwa ili mwenye shida aje kuuliza. Somo lenyewe mara nyingi huwa kalkulasi, maana anayetaka kuwa mhandisi au mwanasayansi hana budi kulipitia. Profesa huhutubia ukumbi wenye watu mia na zaidi; kisha watu hao hugawanywa katika vikundi vya watu ishirini au thelathini, na kila kikundi kina mwalimu msaidizi wake. Profesa hawezi kuwajua wote kwa majina. Mwalimu msaidizi aweza.

Katika mwaka wa kwanza na wa pili, mwanafunzi wa udaktari husoma masomo yake na kufanya mitihani mikubwa ya kumpima kama anastahili kuendelea. Akifaulu, hutafuta msimamizi atakayemwongoza katika utafiti mpaka aandike tasnifu. Hapo ndipo mambo huweza kuharibika. Hisabati ya siku hizi ina matawi mengi, na mtaalamu wa tawi moja hawezi kumwongoza mwanafunzi katika tawi jingine. Mtu aliyekwenda kusoma nadharia ya namba aweza kukuta kwamba profesa aliyemfuata amestaafu, au amehamia kwingine, au hapokei tena wanafunzi wapya. Mwingine hugundua, baada ya kusoma mwaka mzima, kwamba moyo wake uko katika tawi ambalo halina mtu katika idara ile.

Basi huandika maombi kwingine wakati wa majira ya baridi. Majibu huja mwezi wa Februari na Machi, na vyuo huwaalika waliokubaliwa waje kujionea. Vyuo vingi vya Marekani vimepatana kwamba mwombaji asilazimishwe kujibu kuhusu msaada wa fedha kabla ya tarehe 15 Aprili, ili apate nafasi ya kupima. Kwa hiyo mwezi wa Machi ni mwezi wa safari. Lakini kwa vyuo vingi mwezi huo huo ni katikati ya muhula, wakati kalkulasi imefika pagumu.

Je, kuhama ni kuvunja ahadi?

Wako watakaosema: chuo kimemlea, kimemlisha, kimemwamini, sasa amepata nguvu, anakipa mgongo. Nao watatukumbusha wazee walivyosema, usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno hayo yana uzito, wala hatuna haki ya kuyadharau. Idara ndogo ikimpoteza mwanafunzi wake hodari hupata hasara ya kweli. Nafasi yake ingaliweza kupewa mtu mwingine, na profesa aliyekaa naye jioni nyingi akimfundisha hawezi kuzirudisha jioni zile.

Hata hivyo tutazame vizuri ni nini hasa kilichoahidiwa. Mwanafunzi yule hakupewa zawadi; aliajiriwa. Posho aliyoipokea aliilipa kwa kazi, muhula kwa muhula. Na msaada wenyewe mara nyingi hutolewa mwaka kwa mwaka, kwa sharti la kwamba maendeleo yake yawe ya kuridhisha. Yaani chuo chenyewe hakikujifunga kumshika mpaka mwisho, liwalo na liwe. Asipofaulu mitihani ile mikubwa huambiwa aende zake, pengine na shahada ya uzamili mkononi, wala hakuna asemaye kwamba chuo kimemsaliti. Profesa naye, akiitwa na chuo kingine chenye maktaba kubwa na mshahara mkubwa, huondoka, na wenzake humpongeza. Ikiwa wenye nguvu wote wawili, chuo na profesa, wana ruhusa ya kuondoka, kwa haki gani tumfunge peke yake aliye mnyonge kati yao?

Tena yako mambo yaliyotokea ya kutufundisha. Karen Uhlenbeck alianza masomo yake ya juu ya hisabati katika Taasisi ya Courant ya Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1965 aliolewa, na mumewe alipokwenda Harvard kusoma, yeye naye akahama, akaanza upya katika Chuo Kikuu cha Brandeis. Huko alipata shahada ya udaktari mwaka 1968. Mwaka 2019 alitunukiwa Tuzo ya Abel, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa katika hisabati, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Angalikuwapo mtu wa kumwambia mwaka ule kwamba mke mwema hukaa alipoandikishwa, au kwamba mwanafunzi mwema haachi chuo, dunia ingalipata hasara isiyojua kama imeipata.

Habari ya June Huh ni ngumu zaidi, na kwa hiyo inafaa zaidi. Huyu alikulia Korea Kusini. Alipoomba nafasi katika vyuo kadhaa vya Marekani, vyote vilimkataa isipokuwa kimoja, yaani Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Urbana-Champaign, kilichompokea mwaka 2009. Akiwa bado mwanafunzi mchanga pale, alithibitisha dhana ya Read, iliyokuwa imewashinda wataalamu kwa miaka 40 na zaidi. Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho ni miongoni mwa vile vilivyokuwa vimemkataa, kikamwalika aje kuhutubia. Mwaka 2011 akahamia huko, na mwaka 2014 akapata udaktari. Mwaka 2022 alipewa Medali ya Fields.

Hapa ndugu msomaji aweza kuuliza kwa uchungu: je, si Illinois peke yake iliyomfungulia mlango wengine walipoufunga? Imepata nini? Ni swali la haki. Lakini jibu lake ni kwamba shukrani ni deni lisilo na mnyororo. Aliyekupa maji ulipokuwa na kiu hakununua miguu yako. Shukrani hulipwa kwa kufanya kazi yako vizuri muda wote uliopo, kwa kuwataja wema waliokutendea wema, na kwa kutowaacha katika taabu siku ya kuondoka. Chuo kilichompokea mtu aliyekataliwa na wote kimekwisha kupata sehemu yake, maana kilimwona wengine wasipomwona.

Basi, kuhama peke yake si kosa. Hata gharama yake kubwa humwangukia mwenye kuhama, kwa maana chuo kipya mara nyingi humtaka aifanye tena mitihani ile aliyokwisha kuifaulu, na huenda akapoteza mwaka mzima au miwili.

Wale ambao hawakuulizwa

Sasa tugeuke kwa lile la pili. Tuseme mwanafunzi wetu amealikwa kukitazama chuo kipya siku ya Alhamisi na Ijumaa, na Alhamisi ana kikundi cha kufundisha. Anajua kwamba akiomba ruhusa ataulizwa anakwenda wapi, naye hataki kusema. Basi usiku wa Jumatano anaandika maneno mawili: naumwa, sitakuja. Asubuhi yu ndani ya ndege.

Amemkosea nani? Si idara hasa. Idara ni kubwa nayo ina njia za kujitetea. Tufanye hesabu ndogo, kwa kuwa tunasema habari za watu wa hesabu. Kikundi kina watu 25, na kipindi ni cha dakika 50. Ishirini na tano mara hamsini ni dakika 1,250, yaani karibu saa 21 za watu waliokwisha kulipa ada, wengi wao kwa mkopo, na walioamka wakaja. Yeye ameondoa kipindi kimoja katika ratiba yake. Lakini kilichopotea ni karibu saa 21 za wengine.

Atajitetea akisema kwamba kipindi kimoja si kitu, na kwamba vijana wenyewe hufurahi mwalimu asipokuja. Ni kweli, hufurahi. Lakini furaha ya mdai asiyejua thamani ya deni lake haimfungui mdaiwa. Tena si wote wanaofurahi kwa namna moja. Kijana hodari, aliyetoka shule nzuri, atasoma kitabu chake na kuelewa. Hakumhitaji sana mwalimu tangu mwanzo. Anayeumia ni yule wa nyuma, aliyekuja na swali moja aliloliandika tangu Jumapili, ambaye hana ndugu wa kumuuliza wala fedha za mwalimu wa pembeni. Katika kalkulasi mambo hujengwa kama tofali juu ya tofali. Asiyeelewa juma hili jinsi ya kupima kasi ya badiliko, mwezi ujao hataelewa jinsi ya kupata eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Mara nyingi mlango wa uhandisi hufungwa hapo hapo, kimya kimya, wala hakuna atakayejua ulifungwa Alhamisi gani. Kwa hiyo mzigo wa kutokuwapo hauwaangukii wote sawasawa. Humwangukia aliye dhaifu.

Hapa ndipo tofauti kati ya maswali yetu mawili inapoonekana wazi. Ahadi kwa chuo yaweza kufunguliwa, kwa sababu pande zote mbili zilikaa mezani na pande zote mbili zina ruhusa ya kuachana. Lakini wale 25 hawakukaa mezani. Hawakuulizwa kama mwalimu wao aende kutafuta maisha mema zaidi kwa saa yao. Deni la mtu ambaye hakuulizwa haliwezi kusamehewa na mtu mwingine kwa niaba yake. Dawa yake ni ile ya madeni yote, kulipa.

Wako pia watakaosema kwamba kufundisha si kazi yake hasa. Kazi yake ni utafiti. Ole wao wanaomfundisha hivyo, maana mara nyingi ni idara yenyewe. Humsifu kwa thibitisho jipya. Lakini akifundisha vizuri muhula mzima hasikii neno. Hata hivyo kosa la mkubwa halimpunguzii mdogo deni lake kwa mdogo zaidi. Posho inayomweka hai awaze mambo makubwa hutoka, kwa sehemu, katika ada za wale vijana ambao mambo makubwa yao ni kufaulu jaribio la Ijumaa.

Namna tatu za kutokuwapo

Tusiwe wakali kupita kiasi. Kutokuwapo kuko kwa namna tatu. Kwanza, kuna kule kunakomkamata mtu kwa nguvu: ugonjwa, au habari ya msiba kutoka nyumbani. Huko hakuna hatia, ila wajibu wa kupeleka habari mapema awezavyo. Pili, kuna kule kunakojulikana mbele: mkutano wa wataalamu, mahojiano, safari ya kutazama chuo. Huko pia hakuna hatia, mradi mtu atengeneze kabla hajaondoka: amwombe mwenzake amshikie kipindi, naye amrudishie chake juma lijalo; amwachie maelezo ya mahali walipofika; na awaambie wanafunzi wenyewe. Tatu, kuna kutoweka. Huko ndiko tunakokukataza.

Na uwongo wa ugonjwa ni mbaya kuliko unavyofikiriwa. Unamdhuru mgonjwa wa kesho. Baada ya watu watatu kuugua mwezi wa Machi, na wote watatu kuonekana wamehama mwezi wa Agosti, yule wa nne aliyelazwa kweli hospitalini ataulizwa cheti.

Je, basi, ni lazima aseme anakokwenda? Hapa tutofautishe kunyamaza na kudanganya. Mtu hana wajibu wa kuitangazia idara nzima wazo ambalo bado halijaiva. Aweza kusema, nina safari ya mambo ya masomo, na fulani amekubali kunishikia kipindi. Hayo ni kweli, nayo yatosha. Kwa msimamizi wake ni jambo jingine. Huyo anamwekea muda na mipango, na barua ya kumpendekeza huenda ikatoka kwake. Huyo asiisikie habari kwa watu. Aambiwe mapema, kwa heshima, kabla barua za maombi hazijapelekwa.

Lakini ukweli unahitaji mahali pa kuwekwa. Mwanafunzi wa kigeni hushikilia ruhusa ya kukaa nchini kwa sababu ameandikishwa chuoni. Akipoteza nafasi kabla hajapata nyingine, huenda akalazimika kuondoka katika nchi yenyewe. Hofu yake si woga wa kitoto. Kwa hiyo wakuu wa idara nao wana wajibu wao: waandike kanuni iliyo wazi ya kuomba ruhusa, wawe na orodha ya watu wa kushika vipindi, na msimamizi asiitumie barua yake kama kamba ya kumfungia mtu. Idara inayomwadhibu anayesema kweli isishangae ikijaa wagonjwa mwezi wa Machi.

Siku ya kuondoka

Mwanafunzi anayehama aondoke muhula ukiisha, wala si katikati. Asahihishe mitihani yote. Akabidhi alama zote zikiwa zimekamilika, ili kijana fulani asije akahangaika mwezi wa Septemba kwa sababu ya karatasi iliyobaki ndani ya begi la mtu aliyekwisha kuhama. Awaage wanafunzi wake. Na juma la mwisho, wakati moyo umekwisha kutangulia kwenda huko uendako, alifundishe kama lile la kwanza. Ni rahisi kuwa mwaminifu mahali unapotarajia kukaa. Uaminifu hupimwa mahali ambapo huna tena cha kutarajia.

Nasi wazazi na ndugu tulioko nyumbani tuna sehemu yetu. Mara nyingi sisi ndio tunaowatia vijana hawa hofu. Tumekwisha kuwaambia majirani kwamba mtoto wetu atakuwa daktari mwaka fulani, na akisema anahama tunaona tumeaibishwa. Tunamwuliza, utamaliza lini? Hatumwulizi, wanafunzi wako wanaendeleaje? Kwa maswali yetu tunamfundisha kwamba shahada ni kitu na watu wale 25 si kitu.

Basi, mzazi ukipata barua au simu kwamba mwanao anahama chuo, usimkaripie. Mwulize mambo mawili tu: msimamizi wako umemwambia? Na darasa lako, siku ile ulipokwenda kutazama, lilifundishwa na nani? Akiweza kuyajibu yote mawili bila kugugumia, mtakie safari njema.